Aliyeandika Chumba cha Uani

Nianze na ile karatasi, maana bila ile karatasi ningekwenda mazikoni kama watu wengine, nikalia machozi yangu mawili, nikala pilau, nikarudi zangu Queensbury. Jacqueline, binti wa marehemu, aliniletea siku ya Jumanne niikague Kiswahili chake. Ilikuwa ile karatasi ngumu ya kukunja, picha ya marehemu mbele, nyimbo katikati, wasifu nyuma. Jacqueline aliletwa London akiwa mdogo, akasomea hapahapa kwa shangazi yake. Kiswahili anakisikia vizuri lakini kukiandika ni mtihani, kwa hiyo nikavaa miwani nikiwa tayari na kalamu. Sikufika mbali. Mstari wa tatu ulisema hivi: "Ambrose Kondo, mwandishi, mbunifu na mwigizaji wa kipindi cha vichekesho cha Chumba cha Uani, redioni na kwenye televisheni."

Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Mwandishi?

Nikamwuliza nani kamwambia hayo. Akanitazama kana kwamba nimeuliza nani kamwambia jina la baba yake. Akasema, Kiingereza cha Tottenham juu, Kiswahili cha mama yake chini, kwamba baba mwenyewe aliwasimulia tangu wakiwa wadogo: alivyokuwa akiandika usiku kwenye ua wa nyumba ya kupanga, kakalia ndoo iliyopinduliwa, kalamu ya risasi sikioni, mbu wanamla miguu.

Jamani. Ile ndoo ilikuwa yangu. Na mbu walikuwa wananila mimi.

Mtoto kafiwa ana siku ya nne, macho yamevimba. Utamwambiaje kwamba baba yake alikuwa mwongo? Nikamwambia Kiswahili kiko sawa. Akanishukuru, akanibusu kwenye shavu, akaenda kuchapisha nakala mia mbili.

Mimi ni Anselm Mhoja, Mnyamwezi wa Tabora, umri miaka themanini na mbili, na hasira zangu ziko karibu, hilo nalijua, msinikumbushe. Mwaka sitini na tisa niliingia redio ya taifa pale Dar es Salaam, idara ya vipindi. Huko nikamkuta Ambrose, Mzaramo wa Maneromango, kijana mwembamba ambaye koo lake lilikuwa na watu wengi ndani: bibi kizee, mwenye nyumba, karani, mbuzi. Nikamtungia mtu mmoja awe wake, Mzee Kidevu, mpangaji wa chumba cha uani kwenye nyumba moja ya Ilala, ambaye kila ugomvi wa nyumba ile lazima aufikie kwanza. Akishaukoroga mpaka watu wanashikana mashati, anarudi mlangoni kwake na kusema, "Mimi nipo tu, endeleeni." Nchi nzima ikawa inasema hivyo, makondakta, walimu, hata padri wetu mmoja aliteleza akasema hivyo kanisani.

Kazi ilikuwa hivi. Mimi naandika kwa mkono kuanzia Jumapili. Jumatano inapigwa taipu kwenye stensili, zinatoka nakala nne. Alhamisi tunaingia studio: kipaza sauti kimoja, ndoo ya maji ndiyo mvua, sinia la kokoto ndiyo njia, na fremu ya mlango isiyo na nyumba. Ambrose ni Kidevu. Winifrida, ambaye baadaye alikuwa mke wake, ni mama mwenye nyumba. Jumamosi jioni kinakwenda hewani dakika kumi na tano, na wiki inayofuata ule ukanda unafutwa, kwa sababu kanda zilikuwa chache na hotuba zilikuwa nyingi. Karatasi zetu aliziokota mama wa maandazi getini. Watu wa Dar wamekula maandazi yaliyofungwa kwa kazi yangu ya miaka kumi na mbili.

Na mwisho wa kipindi mtangazaji anasoma majina ya waigizaji basi. Mwandishi hasomwi. Nilipomwuliza mkuu wa idara, alisema sekunde ni za taarifa ya habari. Sikupigania. Nilikuwa na kiburi cha kijinga, nilidhani kazi nzuri hujitaja yenyewe.

Mwaka themanini na moja nikaja London kwa kozi ya miezi sita, na mpaka leo sijaimaliza. Nikapata kazi kwenye treni za chini ya ardhi, kwenye kibanda cha tiketi, na chumba Queensbury kwa Chaman, Mhindi wa Upanga aliyehama miaka ya sabini na bado anaitukana London kwa Kiswahili safi. Miaka ya tisini televisheni ikafika Tanzania bara. Ambrose akaniandikia: "Ndugu yangu, wanataka Kidevu aonekane uso. Niandikie." Basi nikamwandikia miaka minane. Naandika wakati wa mapumziko ya kazini, Chaman anatuma kwa faksi ya dukani kwake, na kabla hajatuma lazima asome kwanza, acheke, wateja wasubiri. Huyo angekuwa shahidi wangu. Lakini Chaman alifariki zamani, duka linauza simu, na maboksi yangu mawili ya karatasi yalioza kwa unyevu kwenye stoo yake.

Kwa hiyo, mnanielewa? Ushahidi ulikuwa kichwani mwangu, kichwani mwa Ambrose, na kichwani mwa Winifrida. Na Ambrose alikuwa ndani ya jeneza.

Kilichonichanganya si wizi peke yake. Ambrose alipokuja London kuishi na binti yake, miaka kumi na mitano iliyopita, tulionana karibu kila Jumapili. Tulicheka, tulikula, nilimsindikiza hospitali. Hakuna siku hata moja aliyosema mbele yangu kwamba aliandika. Ina maana alikuwa akinisubiri nivae koti, nitoke, nipande basi, ndipo awaambie wajukuu habari za ndoo. Nilijaribu kumkasirikia nikashindwa, nikajaribu kumsamehe nikashindwa vilevile. Usiku ule sikulala.

Jumatano nikaenda msibani. Kwao ni ghorofa ya sita kwenye majengo ya kaunseli, ndiyo halmashauri yao, pale Tottenham. Makochi yamesukumwa ukutani, magodoro yametandikwa sakafuni, akina mama wa kanisa wamekaa wanaimba pambio kwa sauti ya chini kwa sababu jirani wa chini ni mgonjwa. Winifrida alikuwa katikati, kajifunga kitenge kichwani. Nikachutama mbele yake kwa shida, magoti yakalia. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Nitamwambia taratibu, shemeji, kwenye ile karatasi kuna kosa dogo. Lakini alinitangulia.

Alisema hataki mume wake azikwe kimyakimya kama Mzungu. Alisema mtani pekee wa Ambrose aliyebaki mji huu ni mimi. Ijumaa nivae koti lake na kofia yake, nizuie jeneza, nimseme.

"Nimseme vipi, shemeji?"

"Umseme yote. Usibakize."

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa makavu na yalikuwa yananitazama mimi, siyo ukuta. Winifrida alikuwa studio kila Alhamisi. Aliijua ndoo, aliujua mwandiko wangu, alikuwa akinitania kwamba naandika kama kuku anayechimbua. Nikasema moyoni, kumbe mwenzangu anajua, na ananifungulia mlango. Nikashuka ngazi zote sita bila kusubiri lifti.

Siku mbili niliandika. Miaka ishirini na tano nilikuwa sijaandika kitu, na mkono ulirudi wenyewe. Nikafuta, nikaandika upya, nikakata. Zikatoka kurasa nne.

Ijumaa alinichukua Linus, Mkenya, dereva wa basi, tunasali naye kanisa moja. Njiani akaniuliza zile karatasi ni za nini, nikamweleza. Kwetu, nikamwambia, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanashuka pwani na mizigo mabegani. Mtani wako akifa unakwenda kwao kumtukana. Unavaa nguo zake, unaiga mwendo wake, unakataa asizikwe mpaka wafiwa wakukabidhi kitu, na hakuna ruhusa ya mtu kukasirika.

Linus akauliza, "Na kama mtani ako na hasira ya ukweli?"

Nikamwambia hapo ndipo patamu. Mtani anasema kweli tupu na hakuna wa kumgusa. Linus akasema kwao mtu kama huyo angezikwa siku hiyohiyo.

Ibada ikaenda vizuri. Ile karatasi ilikuwa mikononi mwa kila mtu, watu mia mbili wakijipepea kwa uongo. Mchungaji naye akausoma kwa sauti: mwandishi, mbunifu. Nikajikaza kisabuni. Tukaenda makaburini.

Pale makaburini kuna muda. Unapewa nusu saa, kisha anakuja mwingine. Bwana wa maziko, Mwingereza mrefu mwenye kofia nyeusi, alikuwa anaangalia saa yake kila mara. Wabebaji wakaanza kulisogeza jeneza kwenye zile kamba. Winifrida akanitazama, akainamisha kichwa kidogo. Nikapiga moyo konde, nikapita mbele nikiwa na koti la Ambrose linaloburuza mikono, nikasimama kati ya jeneza na shimo.

"Simamisheni," nikasema. "Huyu haendi popote."

Yule Mwingereza akaganda. Linus akamwendea, akamshika kiwiko, akaanza kumweleza kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekielewa kwa dakika ishirini tu.

"Mnajua mnamzika nani? Mnamzika Mzaramo. Babu yangu alitembea kutoka Tabora miezi mitatu, pembe begani, akafika pwani akamkuta babu yake huyu kalala. Akaamka akasema karibu, akalala tena."

Wakacheka. Wazee walianza, wale waliojua mila, halafu wanawake. Jacqueline na watoto wake walikuwa wanatazamana. Nikaona mama mmoja anawanong'oneza, na midomo yao ikafunguka, na simu zikatoka mifukoni.

"Na mjukuu ni huyohuyo. Miaka ishirini nimembebea maneno. Mimi nabeba, yeye anatema. Mimi naumwa bega, yeye anapigiwa makofi."

Wakacheka zaidi. Nikasema moyoni vizuri, sasa wako tayari. Nikazikunja zile karatasi, nikaacha kusoma. Nikawaambia sasa nisikilizeni. Nikawaambia wafungue ile karatasi yao, mstari wa tatu, pameandikwa mwandishi, na kwamba mtu huyu hakuandika hata mstari mmoja. Kila neno mlilocheka tangu mwaka sitini na tisa niliandika mimi.

Kicheko kilichotoka hapo, sijawahi kukisikia. Mzee mmoja alishika jiwe la kaburi la mtu mwingine asianguke.

"Sitanii," nikasema.

Loo. Mtani kasema hatanii! Wakapiga makofi. Damu ikanipanda kichwani. Nikapaza sauti, nikawaambia huyu ni mwizi, ameniibia kazi yangu mpaka ameniibia na mbu walioning'ata. Nilikuwa natetemeka kweli, mate yananitoka, na wao wanashikana mabega. Nikawanyooshea kidole. Nikanyamaza. Nikasema, "Ile ndoo ilikuwa yangu."

Watu wakalala kwa kicheko.

Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na mpaka leo sijachanganua. Kabla ya kusema habari za ndoo nilikuwa nimenyamaza. Nilihesabu moja, mbili, nikageuza shingo upande, ndipo nikasema. Ule mtindo haukuwa wangu. Ulikuwa wa Ambrose. Kidevu alikuwa akifanya hivyo kila Alhamisi mbele ya kipaza sauti, ananyamaza mpaka fundi mitambo anainua kichwa, ndipo anasema. Kwenye kurasa zangu hakuna mahali nilipowahi kuandika kimya. Na kicheko kilikuwa kinatoka palepale kwenye kimya, siyo kwenye maneno. Hata lile la "Mimi nipo tu, endeleeni," mimi nakumbuka nililiandika, lakini Ambrose siku zote alisema lilimponyoka siku aliyopoteza ukurasa, na mimi nilikuwa namcheka. Nani alikuwa sawa? Nilijaribu kuuona ule ukurasa kichwani, na niliona ndoo, niliona sinia la kokoto, ukurasa sikuuona. Nikasimama pale kandokando ya shimo nimeachama, sijui ninachodai ni nini hasa. Wakacheka na hapo vilevile.

Winifrida akaja. Alikuwa analia na kucheka, bega lake likitikisika. Akavua kitenge chake cha mabegani, akanitupia shingoni, akafunga fundo mbele.

"Mtani kalipwa," akawatangazia. Vigelegele vikapanda mpaka yule Mwingereza akavua kofia. Winifrida hakuniachia. Akanivuta kwa fundo la kitenge mpaka sikio langu likafika mdomoni pake.

"Kila ulichosema ni kweli, shemeji. Nilikuomba useme. Sikukuomba uaminiwe."

Akarudi mahali pake kwa wanawe.

Niliumia, siwafichi. Niliumia na niliona aibu kwa pamoja. Yule mwanamke alikaa mbele ya wasikilizaji miaka kumi na mbili akitumia maneno yangu; alijua watu waliokuja kucheka watakifanya nini chochote utakachowapa. Angeninyamazisha, ningekwenda kumtafuta mwandishi wa gazeti, ningeandika barua Dar, ningewasumbua wanawe. Badala yake alinipa koti la mumewe na watu mia mbili, nikaumaliza ukweli wangu wote mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nani atanisikiliza tena? Nitamwambia mtu yeyote, atasema, aa, Mzee Anselm, ile ya makaburini, turudie bwana. Nami ndiye mwandishi wa vichekesho. Fundi kalaliwa na mteja.

Wakalishusha jeneza. Mchungaji akasema ya udongo kwa udongo. Nikaokota bonge la udongo wa London, mzito, wenye maji, nikalitupa, nikamwambia Ambrose kimoyomoyo kwamba bado hatujamalizana. Watu walikuwa wamenyamaza sasa. Wengine walikuwa wanalia vizuri, kilio kile kinachotoka baada ya kucheka, na niliona kwamba Winifrida alikuwa amepata alichokitaka, mume wake hakuzikwa kama Mzungu.

Tukaanza kurudi kwenye magari. Linus alikuwa ananishika mkono kwa sababu ya matope. Nyuma yetu nikasikia viatu vinakimbia, ni Jacqueline, ile karatasi yake imelowa mkononi, uso umelowa pia, lakini ulikuwa umefunguka. Tangu Jumanne sikuwa nimemwona mtoto yule akiwa na uso ule. Akanishika mikono yote miwili, mikono ya koti la baba yake.

Akasema kwa dakika kumi pale alimsikia Baba. Akasema sauti ni yake, kunyamaza ni kwake, hata kugeuza shingo. Watoto wake wamecheka mazikoni kwa babu yao, na hawatasahau. Halafu akaziona zile kurasa nne, zimekunjwa, zinachungulia mfukoni mwa koti.

"Anko," akasema, na safari hii alisema Kiswahili chote, pole pole, asikosee. "Baba ndiye alikuandikia? Kabla hajafa?"

Linus akanitazama. Mvua ilikuwa imeanza. Nilikuwa na kinywa, nilikuwa na ushahidi mfukoni, mwandiko wangu mwenyewe wa kuku, wino haujakauka vizuri. Na nikamtazama yule mtoto, nikatafuta hasira zangu, zile zilizo karibu siku zote, na sikuziona zimekwenda wapi.

Nikazitoa karatasi, nikazinyoosha, nikampa.

"Ndiyo, mwanangu," nikamwambia. "Mimi nilinakili tu."